Mvua Haingoji Orodha

Sisi walimu wa kujitolea hapa Nakivale hatujambo, isipokuwa viatu vyetu vimejaa matope. Lakini mwezi huu matope ni habari njema, kwa hiyo hatulalamiki.

Mvua ya kwanza ilitukuta darasani. Ilikuwa Jumanne, saa tano asubuhi, tuko na darasa la tano kwenye hesabu za sehemu. Kwanza ulikuja upepo, ukaingiza vumbi na majani makavu mpaka kwenye madaftari. Halafu tone moja juu ya bati, ta! Halafu la pili. Halafu yote kwa pamoja. Yeyote aliyefundisha chini ya mabati anajua: mvua ikianza, mwalimu amekwisha. Unapaza sauti mpaka koo linauma, na mtoto wa nyuma bado anauliza, "Mwalimu umesema nini?"

Zamani tulikuwa tunakasirika. Siku hiyo tuliweka chaki chini, tukaandika ubaoni maneno matatu tu: NYAMAZENI, SIKILIZENI, NUSENI. Watoto zaidi ya themanini wakanyamaza. Mlango ulikuwa wazi, na ile harufu ya udongo mkavu ukipata maji ikaingia. Nyote mnaijua harufu hiyo. Ni ileile ya Masisi, ya Uvira, ya Ngozi, ya Bunia. Mvua ilipopungua tukawaambia waandike walichosikia na walichonusa. Mmoja aliandika, "Nimenusa shamba la bibi."

Na mwingine akanyoosha mkono. "Mwalimu, shangazi yangu yuko Marekani. Jana alipiga simu. Anasema kule baridi inaisha, miti inaanza kuota majani, ni majira ya kuchipua. Sisi huku ya kwetu yanakuja lini?"

Swali lake ndilo limetuletea makala haya. Tulimjibu kidogo siku ile, lakini tumeona jibu lenyewe linawahusu pia wazazi, tena wazazi zaidi.

Majira ya kuchipua ya kwetu

Kila mwaka, tarehe 20 au 21 Machi hivi, mchana na usiku vinakaribia kulingana duniani kote. Jua la mchana linasimama juu kabisa ya mstari wa ikweta. Wengi wetu tuliokuja kwa basi kutoka Kampala tuliuvuka mstari huo pale Kayabwe, kwenye barabara ya Masaka, tukaona watu wanapiga picha, wengine wetu hata hatukujua ni kitu gani. Nakivale iko kusini ya mstari huo kwa chini ya digrii moja. Kwa hiyo mwezi wa tatu jua liko juu ya vichwa vyetu.

Kwa watu wa Ulaya na Marekani ya kaskazini, maana yake ni kwamba jua linarudi kwao, baridi inapungua, na miti iliyolala tangu Novemba inaamka. Kwetu sisi kazi ya jua ni nyingine. Ardhi inapata joto, hewa inapanda juu, hewa yenye unyevu inavutwa kuja huku, na mvua inanyesha. Mti wa huku haulali kwa sababu ya baridi, unalala kwa sababu ya kiu. Kwa hiyo majira yetu ya kuchipua yanaletwa na mvua.

Tena tumekuja hapa kila mtu na jina lake la mvua hiyo. Watu wa pwani na Tanzania wanasema masika. Ndugu zetu wa Rwanda wanasema itumba. Warundi wanasema impeshi. Sisi tuliotoka Kivu wengi tulizoea kusema sezoni B. Majina ni manne, lakini wingu ni hilohilo moja, na halikuuliza mtu yeyote kadi yake kabla ya kumnyeshea.

Basi tulimjibu mtoto hivi: "Majira ya kuchipua ndiyo haya. Uko ndani yake sasa hivi. Tazama miguu yako." Akatazama, matope mpaka magotini, darasa zima likacheka.

Lakini jioni, tukirudi nyumbani kwa ile njia ya juu, hatukucheka. Tulihesabu viwanja kumi na vinne njiani. Tisa vilikuwa vimelimwa, watu wanasubiri tu mbegu. Vitano vilikuwa magugu matupu. Na tunawajua wenye vile vitano. Si wavivu. Ni watu wanaosubiri.

Begi lililo chini ya kitanda

Tutaeleza habari ya familia moja bila kutaja jina, na wao wenyewe wameturuhusu.

Ni jirani zetu, watu saba. Walikuwa wamefika mbali kwenye safari ya nchi ya tatu. Intavyu zimekwisha, vipimo vya afya vimekwisha, hata yale mafunzo ya kueleza maisha ya kule walikwisha kuyahudhuria. Mwisho wa mwaka 2024 waliambiwa wajiandae. Baba akauza mbuzi wanne na baiskeli. Mama akagawia majirani sufuria. Shamba wakaliacha, kwani nani atavuna? Kijana wao mkubwa alikuwa aingie darasa la saba Februari 2025. Wakamwambia akae tu nyumbani, atasoma kule.

Tarehe 20 Januari 2025 Marekani ikatangaza kusimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Safari nyingi zilizokuwa zimeshapangwa zikafutwa, na ya kwao ikawa mojawapo.

Hatusimulii haya ili kumcheka mtu. Ungekuwa wewe ungefanya vilevile, na sisi pia. Kinachotuuma ni kilichofuata. Masika ya 2025 yakapita, shamba halikuguswa. Vuli ya 2025 ikapita, shamba halikuguswa. Kijana akawa anakaa barabarani pale wanapochaji simu, anasikiliza habari za watu. Tulipokwenda kuwatembelea, baba alituambia, "Walimu, tukianza kulima leo, kesho watatuita." Mama alinyamaza. Baadaye, akitusindikiza, alisema polepole, "Sasa ninanunua sokoni maharage niliyoweza kuyalima mlangoni."

Na hali ya chakula sote tunaijua. Mwaka 2020 mgao hapa Uganda ulipunguzwa kwa asilimia 30. Mwaka 2021 ukapunguzwa tena, ikawa asilimia 40. Tangu 2023 familia ziligawanywa katika makundi, kuna waliobaki na mgao mkubwa kidogo, kuna wa mdogo, na kuna waliotolewa kabisa. Kwa hali kama hiyo, kiwanja cha magugu si jambo dogo. Ni sufuria tupu.

Kabla hatujaendelea inatubidi tukiri la kwetu. Nyumba yetu sisi walimu, vijana watatu, ina kipande cha ardhi nyuma, hatua kumi kwa hatua nane. Tumekaa hapo mwaka wa tatu na hatujawahi kuchimba hata shimo moja. Kwa nini? Kila mmoja wetu amemaliza sekondari na ameomba bursari ya kwenda chuo. Kila mwaka tunasema, "Majibu yakitoka tutaondoka." Mmoja wetu ana begi chini ya kitanda ambalo hajawahi kulifungua lote tangu afike. Shati lake zuri limekaa humo mpaka panya amelitoboa. Tunawafundisha watoto wenu sayansi ya mimea, na nyuma ya nyumba yetu hakuna mmea. Kwa hiyo msituone kama wahubiri. Ugonjwa huu tunaujua kwa sababu tunao.

Tunauita ugonjwa wa mguu mmoja. Mguu mmoja uko kule tulikotoka, mwingine uko kule tunakotaka kwenda, na hapa tulipo hakuna mguu. Mwili unalala Nakivale lakini mwenyewe hayupo.

Kuna hesabu moja ni ngumu kuisema, lakini ni heri tuiseme. Duniani kote, wakimbizi wanaopelekwa nchi ya tatu kwa mwaka hawafiki hata mmoja katika kila mia. Yaani chukua darasa letu la watoto themanini na kitu, mwaka mzima hata mtoto mmoja kamili hatoki. Si kwamba usiwe na tumaini. Wapo waliokwenda, shangazi ya yule mtoto ni mmoja. Lakini huwezi kumfungia mtoto daftari lake leo kwa ajili ya jambo ambalo siku yake huijui.

Mtoto aliyeziba masikio

Turudi kwenye ile Jumanne ya mvua, kwa sababu kuna jambo hatujaliandika.

Wakati wenzake wanasikiliza mvua, msichana mmoja wa dawati la tatu aliingia chini ya dawati akaziba masikio. Alikuwa anatetemeka. Familia yake imefika mwaka jana. Mvua kubwa juu ya bati, ikianza ghafla, kwake haikuwa mvua. Wazazi mnaelewa tunachosema, hatuhitaji kueleza zaidi.

Kwenye mafunzo ya walimu tulifundishwa jambo la kufanya mtu akishikwa hivyo, na tumeliona linasaidia. Mmoja wetu alikaa chini sakafuni karibu naye, hakumshika, hakumvuta. Akamwambia kwa sauti ya kawaida: "Mimi ni mwalimu wako. Hii ni mvua. Leo ni Jumanne. Tuko darasani, Nakivale. Nitajie vitu vitano unavyoviona." Kwanza alinyamaza. Halafu akasema, "Mguu wa dawati." Halafu, "Kiatu cha mwalimu." Halafu chaki, jiwe, kifungo. Tukaendelea: vitu vinne unavyoweza kuvigusa. Vitatu unavyovisikia. Viwili unavyovinusa. Kimoja unachokionja mdomoni. Kwenye kusikia akasema, "Mvua," yeye mwenyewe. Alipofika kwenye kunusa alikuwa ameshatoka chini ya dawati.

Hakuna dawa ya hospitali hapo, wala uganga. Ni kumrudisha mtu pale alipo. Hofu inampeleka jana, kwenye siku ile mbaya, na macho, ngozi, masikio na pua vinamrudisha leo. Wazazi mnaweza kufanya hivyo nyumbani, usiku mtoto akiamka na kilio. Washa taa kama ipo. Taja jina lako, taja siku, taja mahali. Muulize anaona nini. Usimwambie "nyamaza, hakuna kitu," maana kwake kitu kipo. Na hata wewe mzazi, ukiwa umelala macho yanatazama paa mpaka alfajiri, jaribu kwako mwenyewe. Lakini ndoto zikizidi, mtoto akianza kukojoa kitandani tena, au mtu mzima akikataa chakula siku kwa siku, mpelekeni kituo cha afya aonane na mshauri. Si aibu. Ni kama malaria, mtu haponi kwa kufichwa.

Tulipofikiri sana tuliona kwamba yule msichana na yule baba aliyeuza mbuzi wana shida moja. Msichana anavutwa na jana. Baba anavutwa na kesho. Wote wawili hawapo hapa, na mvua inanyesha hapa.

Parachichi la nani?

Karibu na nyumba yetu kuna mama mmoja wa kutoka Fizi. Ana umri wa mama zetu, na watoto wote wa jirani wanamwita bibi. Siku mbili baada ya mvua tulimkuta anachimba shimo, mita moja kutoka kwenye ukuta wake. Pembeni kuna mche wa parachichi kwenye mkebe wa maziwa. Yeye anaita avoka.

"Shikamoo bibi," tukasema, kwa sababu mmoja wetu amesomea Kigoma.

"Marahaba, watoto. Leteni maji."

Tukaleta jerikani. Tukamuuliza kwa utani, "Bibi, mti wa mbegu unachukua miaka mitano, au zaidi, mpaka uzae. Utakuwa bado uko hapa?"

Alitutazama kama watu wasio na akili. "Mwaka nilioingia hapa nilisema, ni miezi sita nitarudi kwetu. Sikupanda. Sasa ni miaka kumi na miwili. Kama ningepanda siku ile, leo ningekuwa ninakula avoka na nyinyi mngekuwa mnaniomba."

"Na ukiondoka kabla haujazaa?"

"Nyinyi mtakula. Kwani nyinyi si watu?"

Tulimkumbusha ile methali, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tulidhani ni methali ya kumchosha mgeni. Akakataa. "Ile ni heshima. Mgeni anaogopa hata kuomba maji. Akishika jembe ameacha kuwa mgeni."

Kwenye uwanja wa shule yetu kuna mti mkubwa wa zamani ambao chini yake tunafundisha darasa la kwanza likijaa. Hatujui nani aliupanda. Makazi haya yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi wa Rwanda, na wengi wa watu wale walirudi kwao baada ya 1994. Huenda aliyeupanda alikuwa mmoja wao, naye labda aliambiwa na jirani, "Wa nini, tunaondoka." Kivuli chake leo ni darasa la watoto wa Kongo, Burundi, Somalia na Wanyarwanda wengine waliokuja baadaye. Aliondoka kweli, na mti wake unatumika kila siku.

Kazi za mwezi huu

Maneno matupu hayapandi mbegu. Haya ndiyo tuliyoyafanya nyuma ya nyumba yetu Jumamosi iliyopita, kwa kuelekezwa na bibi wa Fizi na mzee mmoja Mrundi ambaye ni mkulima kweli. Ndiyo, hatimaye tumechimba.

Maharage. Ya kusimama yenyewe, siyo ya kupanda juu ya miti. Weka sentimita 50 kati ya mstari na mstari, ni kama urefu wa kutoka kiwiko mpaka ncha ya vidole na kidogo zaidi. Kati ya mbegu na mbegu sentimita 10, upana wa kiganja. Usifukie sana, sentimita tatu mpaka tano zinatosha. Baada ya wiki moja hivi utaona shingo inainuka. Palilia baada ya wiki mbili au tatu, na tena kabla ya maua. Usiingie shambani majani yakiwa na maji, maana ugonjwa unasambaa kwa mikono na nguo. Baada ya miezi miwili na nusu mpaka mitatu unavuna, na katikati hapo majani machanga ni mboga.

Lengalenga, ambayo Watanzania wanaiita mchicha na Waganda dodo. Hii ni ya mwenye haraka. Wiki tatu mpaka nne unachuma.

Gunia. Hii ni kwa asiye na shamba, na wapo wengi, hasa waliofika karibuni. Changanya udongo mafungu mawili na samadi fungu moja. Simamisha gunia. Katikati weka mkebe uliotobolewa chini na juu, jaza kokoto ndani yake, zungushia udongo pembeni, halafu vuta mkebe juu kidogo kidogo huku unajaza, mpaka ufike mdomoni. Unabaki na nguzo ya kokoto katikati, na maji yakimwagwa hapo yanafika mpaka chini. Toboa matundu ubavuni, panda sukuma wiki au vitunguu vya majani. Maji ya kuoshea mboga yanatosha.

Tahadhari moja kubwa: mbegu za dukani zenye rangi nyekundu au kijani zimetiwa dawa. Msizile, wala msiwape kuku, hata njaa ikiwa kali. Nawa mikono baada ya kupanda.

Na jambo moja tulilolifundisha darasani, limewashangaza hata wazazi. Ukiung'oa mharage polepole utaona vinundu vidogo kwenye mizizi. Si ugonjwa. Ndani yake mna vijidudu vinavyochukua naitrojeni ya hewani na kuwa chakula cha mmea. Kwa hiyo ukivuna, usiung'oe. Kata shina, acha mizizi ndani. Udongo utakuwa bora kwa atakayepanda baada yako, awe ni wewe au mtu mwingine.

Kwa watoto kuna kazi ya nyumbani. Chukua chupa ya plastiki iliyokatwa, weka kitambaa chenye maji, weka maharage matatu kati ya kitambaa na ukuta wa chupa. Kila asubuhi, kabla ya kuja shule, litazame kwa dakika mbili, usifanye kitu kingine. Chora ulichokiona. Baba na mama, mkae naye hizo dakika mbili. Simu iwe pembeni. Msimuulize hata habari za jana wala za kesho. Mtazame tu maharage. Mtashangaa mtoto anasema nini mkiwa mmenyamaza.

Na kesho je?

Kuna mzee alitusikia tukiongea haya akasema, "Leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo." Tunamheshimu, lakini tunaongeza kidogo. Kesho ipo. Mwenye kesi aifuatilie. Karatasi zenu ziwekeni kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha maji, mahali pamoja, na kila mtu mzima nyumbani apajue. Ukibadilisha namba ya simu, nenda ukaitaarifu ofisi. Ukiitwa, nenda. Na kumbukeni, huduma hizo ni bure. Mtu akikwambia atakuweka kwenye orodha kwa pesa, huyo ni mwizi, hata kama amevaa kadi shingoni.

Fanya hayo, halafu rudi shambani. Kulima hakufuti jina la mtu kwenye orodha yoyote. Kusoma darasa la saba hapa hakumzuii mtoto kusoma la nane mahali pengine. Tunasema hivi kwa sababu wapo wanaoamini kwamba wakionekana wametulia, watasahauliwa. Sivyo.

Sasa yule kijana. Shule zilifunguliwa Februari na hakuja. Mama yake alikwenda kuongea naye, mwalimu mkuu alikwenda, hakuna. Alisema ana aibu kukaa na watoto aliokuwa mbele yao, na sasa mdogo wake amemfikia darasa. Wiki iliyopita, Alhamisi, amekuja. Amechelewa wiki tano, sare imembana mabegani, amekaa nyuma kabisa karibu na mlango. Hakuna aliyecheka, kwa sababu tulikuwa tumewaomba wenzake wasicheke, na kwa sababu mdogo wake alimwekea nafasi. Mtihani wa kumaliza shule ya msingi ni Novemba. Ana miezi minane. Tumeanza kumfundisha jioni, na wengine wenye hali kama yake wanakaribishwa, Jumatatu na Jumatano baada ya saa kumi, chini ya ule mti. Hakuna malipo.

Tulimuuliza kilichomrudisha. Alisema baba yake aliamka asubuhi moja akaanza kufyeka magugu, hakumwambia mtu kitu. Yeye akamtazama kwa muda, akachukua jembe la pili. Walipomaliza mstari wa tatu baba akamwambia, "Inatosha. Wewe nenda shule."

Lile shamba ni miongoni mwa vile viwanja vitano. Vimebaki vinne. Kama kimoja ni chako, mbegu bado zinapatikana sokoni, na mwezi haujaisha. Asiye na jembe aje kwetu, tunalo moja, jipya kabisa, limetumika Jumamosi moja tu.

Tukutane mwezi ujao, tukiwa hai na tukiwa na majani ya maharage.